Hayo Yasiyokwisha Yako Wapi?

Nilipopiga funda la kwanza nilidhani shangazi amekosea kopo. Jikoni kwake giza huingia mapema, kopo la sukari na la chumvi yamekaa pamoja ubaoni, na macho yake siku hizi hayamtii. Nikameza kwa adabu, nikapiga la pili. Iliki ipo, tangawizi ipo, mdalasini upo, sukari imetiwa ya kutosha. Na chini ya vyote hivyo, chumvi.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Kopo sikukosea. Hiyo ya kisima."

Ilikuwa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mwezi wa pili, kaskazi inavuma na masika bado. Kisima chenyewe nakijua tangu nina miaka sita. Likizo zote za skuli nilizimaliza pale. Kwenye mdomo wake wa jiwe kuna michirizi iliyochimbwa na kamba za ndoo za bibi zetu, na sisi watoto tulikuwa tukiingiza vidole humo kushindana nani chake kinazama zaidi. Maji yake hayakuwa mepesi. Yalikuwa maji ya mawe, sabuni haitoi povu mpaka uisugue kwa hasira. Lakini yalikuwa matamu. Tuliyanywa kwa kata, jasho linatutoka, na hakuna aliyewahi kuuliza kama yanafaa.

Shangazi akavuta kigoda akakaa.

"Wewe uliyesoma, hebu nambie. Redioni wamesema maji ya dunia yatakuja kwisha. Kweli hayo?"

Nilimjibu bila kufikiri. Hapana shangazi, maji hayaishi. Nikamweleza mvuke, mawingu, mvua, mito, bahari, kisha mwanzo tena. Hata mikono niliizungusha hewani. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kwa utulivu ule ule anaomsikilizia mtu anayetoa mawaidha. Kisha akakusanya vikombe.

"Basi hayo yasiyokwisha yako wapi?"

Hakusubiri jibu. Alikwenda kuosha vyombo.

Swali lake nimetembea nalo wiki saba.

## Jibu la skuli

Nilichomwambia si uongo. Maji yanayopanda kutoka baharini kwa jua hukaa angani wastani wa siku tisa hivi, kisha hushuka. Mvua iliyogonga bati lenu juzi, huenda wiki mbili zilizopita ilikuwa bahari. Kila mwaka nchi kavu hupokea mvua nyingi kuliko mvuke inaoutoa, na ziada hiyo, kama kilomita za ujazo 40,000, hurudi baharini kwa mito na kwa njia za chini ya ardhi. Binadamu sote, pamoja na mashamba yetu, viwanda vyetu na majumba yetu, tunachota kama kilomita za ujazo 4,000 kwa mwaka. Sehemu moja ya kumi. Mtu akiisoma hesabu hiyo peke yake, analala usingizi mzuri.

Upo uvujaji mdogo. Juu kabisa angani mwanga wa jua huvunja mvuke, na haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, hutoroka kama kilo tatu kila sekunde. Kwa ukubwa wa bahari tulizonazo, hata miaka bilioni haitoshi kuzimaliza kwa njia hiyo. Jua lenyewe ndilo litakalozimaliza. Linazidi kung'aa polepole, na wataalamu wa nyota wanakadiria kwamba baada ya miaka kama bilioni moja joto lake litakuwa limezikausha bahari.

Kwa hiyo jibu kamili la swali la redio ni ndiyo, yatakwisha, lakini kwa muda ambao hakuna ukoo utakaoufikia.

Nilikuwa sahihi, na chai ilikuwa ya chumvi. Yote mawili kwa pamoja, ndani ya jiko moja. Hilo ndilo lililokuwa likinikera.

## Ndoo uani

Usiku mmoja, watoto wamelala, nilijaza maji ndoo ya lita 20, nikaiweka uani. Nikaamua kwamba haya ndiyo maji yote ya dunia. Nikachukua chupa tupu ya maji ya dukani, ile ndogo ya nusu lita, na kijiko cha dawa cha mwanangu.

Maji yasiyo ya chumvi ni asilimia 2.5 tu ya yote. Nikajaza ile chupa ndogo. Basi, imekwisha, lita kumi na tisa na nusu zilizobaki karibu zote ni bahari. Ndani ya chupa, zaidi ya theluthi mbili ni barafu, na kubwa kuliko yote ni ya Antaktika, ambako hakuna mtu anayekwenda na ndoo. Yaliyobaki hayakujaa kikombe cha chai, na karibu yote hayo yako chini ya ardhi, kwenye mchanga na mapango na nyufa za mawe.

Maziwa na mito yote, Tanganyika, Nyanza, Baikal, Naili, Kongo na Amazoni, yaliingia kwenye theluthi ya kijiko cha dawa.

Nilikaa nikakitazama kile kijiko kwa muda. Nilipokuwa nikisoma, kila kitabu kilichozungumzia maji kilikuwa na picha ya mto. Lakini sisi wa visiwani mto si wetu. Ipo mito michache Unguja, na hata Mto Mwera, unaosifiwa kuliko yote, humezwa na mawe kabla haujaiona bahari. Maisha yetu hayamo kijikoni. Yamo kwenye kikombe, kwenye maji ambayo hakuna anayeyaona mpaka yafike juu.

## Neno lililonipoteza

Kilichonifungua macho si takwimu, ni kitenzi.

Shangazi hakusema kisima kimekauka. Kamba bado inafika majini pale pale ilipokuwa ikifika nikiwa mtoto. Ndoo inashuka tupu, inarudi imejaa. Hakuna kilichopungua ambacho mtu angeweza kukionyesha kwa mkono. Mimi na redio tulikuwa tukibishana juu ya kwisha, na yeye alikuwa na jambo jingine kabisa mikononi mwake. Maji yake yamegeuka.

Lugha yetu ilikuwa imeniambia tangu zamani. Tunasema maji matamu, na hakuna aliyeyatia sukari. Tunasema maji baridi, nayo hubaki na jina hilo hata yakichemka jikoni. Utamu huo ni hali tu, na hali hubadilika kwa kitu kidogo sana. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Changanya sehemu mbili za bahari kwa mia moja ya maji matamu, ulimi wa kawaida utaisikia. Kwa ndoo ya lita 20, hivyo ni vikombe viwili vya chai.

Vikombe viwili. Na ukishavitia, hakuna kata ya kuvichota peke yake.

## Tuliomo kifuuni

Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Methali hii nimeikuta, nimeitumia, nimeiandika kwenye insha. Sikujua kwamba kifuu chenyewe ndicho nilichokalia.

Upande wa mashariki wa Unguja ni mawe ya matumbawe, yametobokatoboka kama sifongo. Mvua ikinyesha Jambiani haitiririki, inazama. Inashuka mpaka inakutana na maji ya bahari, ambayo nayo yameingia chini ya kisiwa kwa kupitia matundu hayo hayo. Hapo hayachanganyiki kwa haraka, kwa sababu maji matamu ni mepesi kidogo. Yanaelea. Chini ya miguu ya watu, chini ya minazi na makaburi, maji ya mvua za miaka mingi yamelala juu ya bahari, tabaka lake nene katikati ya kisiwa na jembamba kabisa pwani. Ukiingia Pango la Kuza, pale pale Jambiani, unayaona kwa macho, yametulia gizani.

Mwishoni mwa karne ya 19 Mholanzi mmoja, Badon Ghyben, aliipata kanuni ya kuelea huko, na mwaka 1901 Mjerumani Herzberg, aliyekuwa akishughulikia maji ya visiwa vya Bahari ya Kaskazini, akaieleza naye bila kujua kwamba ametanguliwa. Kanuni ni nyepesi. Kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na mita kama 40 zilizo chini ya usawa huo.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi. Mita arubaini kwa moja! Ni riziki kubwa.

Halafu nikaigeuza. Ukishusha maji ya juu kwa mita moja, yakikaa hivyo, chumvi itapanda kwa mita arubaini. Na kwenye mawe yenye matundu kama yetu, mpaka wenyewe hauko safi kama mstari wa daftari. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku na kila mara huyatikisa. Pwani kabisa, ambako vijiji vyetu vyote vimejipanga, maji matamu yanaweza kuwa juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha shubiri chache tu.

Shangazi aliyajua haya kwa njia yake. Nyumbani kwetu ilikuwa mwiko kuacha ndoo igonge chini ya kisima. Tuliteka alfajiri, tukakiacha kipumzike mchana. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, bibi alikuwa akituzuia kuteka kwa pupa, na sisi tukidhani ni ukali wa wazee tu.

## Nilimtafuta mkosaji

Nakiri kwamba wiki ya tatu nilikuwa na hasira, na nilijua pa kuielekeza. Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha vipimo vyake vya matumizi ya maji katika utalii wa pwani ya mashariki ya Unguja. Wastani aliopata ni lita 685 kwa mgeni mmoja kwa siku, na katika mahoteli sehemu kubwa ilikuwa ikimwagiwa bustani. Nikarudi Jambiani nikahesabu ndoo kwa shangazi kwa siku mbili. Watu sita, ndoo kumi na nne kwa siku, pamoja na kufua. Hata lita 50 kwa mtu hazifiki.

Niliandika makala yenye moto. Niliisoma mara mbili, nikaikubali, nikataka kuirusha hewani usiku ule ule.

Asubuhi yake nilikwenda kisimani kuchukua picha ya kuipamba. Nikiwa nimeinama, nikasikia mngurumo. Haukutoka hotelini, hoteli ya karibu iko mbali, upande wa pili wa barabara. Ulitoka nyuma ya ukuta wa matofali ulio hatua thelathini hivi kutoka kisimani. Nyuma ya ukuta ule kuna vyumba vinne vya kulaza wageni, vya binamu yangu, mtoto wa shangazi huyo huyo. Alivijenga miaka sita iliyopita. Sote tulimchangia. Mimi nilitoa pesa ya mota.

Sikupiga picha.

Ndoo ikiteka, inachukua kidogo kutoka juu, na maji ya pembeni yana wasaa wa kurudi. Mota inavuta kutoka mahali pamoja, saa baada ya saa, na chini ya mdomo wake chumvi inainuka kama kichuguu. Maji ya juu yanaweza kuwa yale yale, kisima kimejaa vile vile, na kichuguu kile kinapanda kimya kimya mpaka siku moja kinagusa. Ukizima mota, hakishuki kesho wala kesho kutwa. Kinaweza kuchukua miaka.

Siwezi kusema kwa hakika kwamba mota ya binamu ndiyo iliyotia chumvi kwenye chai ya mama yake. Bustani za wageni zipo, zinakunywa. Ukame wa vuli uliopita ulikuwepo. Visima vipya vimechimbwa kijiji kizima, na kila aliyechimba alikuwa na sababu nzuri. Mwaka 2012 Zanzibar tulihesabiwa watu 1,303,569. Mwaka 2022 tukahesabiwa 1,889,773. Kisiwa hakikuongezeka hata pima moja.

Na nyumbani kwangu mjini? Tuna kisima cha kuchimba uani, kwa sababu mfereji ulikuwa ukitoka siku moja na kulala siku mbili. Jirani wa kulia anacho. Wa kushoto anacho. Katikati ya visima hivyo vitatu yapo mashimo ya vyoo matano, niliyahesabu. Maji hayageuzwi na chumvi peke yake.

Ile makala ya moto niliifuta.

## Maji yaliyomo kwenye biriani

Wiki ya tano kulikuwa na harusi mjini. Wakati tunapakua, nikaanza kuitazama sinia kwa jicho jingine.

Kilo moja ya mchele, tangu kupandwa hadi kuwa mchele, hutumia kwa wastani wa dunia kama lita 2,500 za maji. Na mchele wa biriani zetu, ule mrefu wenye harufu, unatoka kaskazini ya India na Pakistani. Kilimo ndicho kinachochukua karibu asilimia 70 ya maji yote wanayochota binadamu, na kule Punjab na Haryana wakulima wanayavuta kutoka chini ya ardhi kwa mota kama zetu, ila nyingi mno. Tangu mwaka 2002 setilaiti mbili zilizoitwa GRACE zilikuwa zikiizunguka dunia zikipima mvutano wake, na kwa hesabu hiyo watu waliweza kuyapima maji ya chini ya ardhi kama kwa mizani. Kati ya mwaka huo na 2008, kaskazini magharibi ya India ilipoteza kilomita za ujazo 109. Ungeyamwaga maji hayo juu ya Unguja nzima, yangetufunika kwa zaidi ya mita 60.

Yalikwenda wapi? Hayakutoka duniani, hilo nililijibu tangu siku ya kwanza. Mpunga uliyanywa ukayatoa kwa majani, yakawa mvuke, yakanyesha mahali pengine, na mwisho wa safari sehemu kubwa ya maji ya namna hiyo huishia baharini. Mtafiti Leonard Konikow aliyajumlisha ya dunia nzima: maji yaliyovutwa kutoka ardhini bila kurudishwa, kati ya mwaka 1900 na 2008, yanatosha kuinua bahari kwa zaidi ya milimita 12. Si sehemu kubwa ya kupanda kwa bahari. Barafu inayoyeyuka na maji yanayotanuka kwa joto ni makubwa zaidi. Lakini yamo.

Nilisimama na upawa mkononi.

Hayo yasiyokwisha yako wapi, shangazi? Yako mbele ya mlango wako. Ndiyo yale unayoyaona kila asubuhi, yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mnazi wa mwisho, na polepole yanasukuma kutoka chini.

Kama nisingekuwa harusini ningelia.

## Tuyasafishe basi

Rafiki yangu fundi umeme aliniambia naogopa bure: bahari tunayo, mashine za kuondoa chumvi zipo, nchi za Ghuba zinaishi kwa hizo. Nilitaka sana awe na haki. Na kwa kiasi fulani anayo. Mashine nzuri za siku hizi hutoa mita moja ya ujazo ya maji matamu kwa yuniti tatu au nne za umeme, na zamani zilikuwa zikila zaidi.

Lakini umeme wetu Unguja unapita chini ya bahari, kwa waya kutoka bara. Aliyekuwepo mwezi wa kumi na mbili 2009 anakumbuka waya ulipoharibika. Miezi mitatu, mpaka mwezi wa tatu 2010. Mimi ninachokumbuka zaidi ya giza ni foleni za ndoo. Mota zote zilinyamaza, na watu wa mjini wakafukua visima vya babu zao vilivyokuwa vimefunikwa kwa mabati na kutupiwa taka. Visima vile ndivyo vilivyotuvusha. Najiuliza leo vingapi bado vinanyweka.

Na huko bara umeme wenyewe unatoka wapi? Siku hizi sehemu kubwa ni Bwawa la Mwalimu Nyerere, megawati 2,115, Mto Rufiji. Maana yake, ili kuyafanya maji ya chumvi yawe matamu Jambiani, lazima maji matamu yateremke Rufiji. Nimeliona hilo kuwa zuri na la kutia hofu kwa wakati mmoja. Hata tukienda mbali kiasi gani, kamba ya ndoo yetu inaishia kwenye mvua iliyonyesha mahali fulani.

Kwa hoteli kubwa mashine hizo ni haki yao kuzinunua, na ningependa wazinunue. Kwa shangazi si jibu.

## Maji yenu

Wiki ya sita nililala kwake. Shangazi hasinzii kabla ya kusoma Tabaraka, sura ya Qurani, na mimi nimelala kwa sauti ile tangu utoto, kiasi kwamba maneno yake yaliacha kuwa maneno, yakawa kama mvumo wa mikoko. Usiku ule nilikuwa macho. Alipofika mwisho, nikaisikia aya ya mwisho kwa mara ya kwanza. Ni swali. Maji yenu yakididimia ardhini, nani atakayekuleteeni maji yanayotiririka?

Maji yenu.

Haiulizi kuhusu maji ya dunia. Inauliza kuhusu maji ya watu wanaosikiliza. Mimi nilimjibu shangazi kwa maji ya dunia, yasiyo ya mtu, yanayozunguka vitabuni bila kutua mdomoni mwa yeyote. Yeye aliniuliza juu ya yake. Cape Town mwaka 2018 walihesabu siku zilizobaki kabla mifereji haijafungwa, na dunia siku hiyo ilikuwa na maji yale yale iliyokuwa nayo jana yake. Bahari ya Aral, huko Asia ya Kati, ilikauka sehemu kubwa kwa sababu mito yake miwili ilipelekwa kwenye mashamba, pamba ikastawi, na wavuvi wakabaki na mashua kwenye mchanga. Hakuna tone lililopotea duniani. Waliopotelewa ni wao.

"Shangazi, umelala?"

"Bado."

Nikamwambia kuhusu kifuu, kichuguu, mota. Nikamwambia na pesa niliyotoa mimi. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani usingizi umemchukua.

"Nilijua ni mota," alisema. "Lakini vyumba vile ndivyo vinavyosomesha watoto."

## Mlizamu

Kwa binamu nilikwenda asubuhi. Tulizungumza vizuri. Nilimwomba mota izimwe siku za bamvua, na kisima chake akihamishe juu, mbali na pwani, tutachangia tena. Amesema atafikiri. Ana wageni mpaka mwezi wa nane.

Nyumba ya shangazi ina bati lenye ukubwa wa mita za mraba 60. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo usiku mmoja wa masika wenye milimita 30 unamwaga lita 1,800 juu ya kichwa chake. Ndoo tisini. Miaka yote zilikuwa zikidondoka ukutani na kula plasta. Tulifunga mlizamu, fundi akiuita gata, tukaweka na tangi la lita 2,000 juu ya matofali. Mvua ya kwanza tuliimwaga yote ili ioshe bati. Ya pili tukaikinga.

Najua tangi halijazi kifuu. Nilisimama chini ya mvua hiyo huku nikifikiria mjini, ambako saa ile ile maji kama haya yalikuwa yakishuka juu ya saruji na lami, yakiingia mtaroni na kwenda baharini bila kugusa udongo. Msitu wa Masingini umeachwa makusudi ili mvua izame, na kila nikipita naona nyumba zilivyousogelea. Kiwanja cha nyumba yangu mwenyewe nimekisakafu chote. Nitavunja nusu. Fundi tayari ameniambia nitajuta matope.

Asubuhi shangazi akapika chai ya maji ya tangi. Alinipa kikombe, akakaa kwenye kigoda akinitazama usoni. Iliki, tangawizi, mdalasini, sukari. Nilikitafuta kile kitu cha chini, hakikuwepo. Nikatikisa kichwa kumwonyesha. Akafumba macho, akanywa chake.

Mjukuu wake alikuwa kando yetu, miaka saba, amekwisha vaa sare ya skuli. Akapiga funda moja, akakirudisha kikombe sahanini.

"Bibi, mbona chai ya leo haina kitu?"

Shangazi alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Akamwongeza sukari, akakoroga.

"Ndivyo chai ilivyo, baba. Kunywa."